Mtoto wa Miaka 9 Hadi 12: Tumsaidieje Nyumbani na Shuleni?

Binti yetu wa pili alikuwa darasa la tano alipoleta nyumbani ripoti ambayo hatutaisahau. Mwaka uliotangulia alikuwa wa sita katika darasa lenye watoto zaidi ya 70. Safari hii alikuwa wa 43. Tuliisoma karatasi ile mara mbili, kisha sisi wazazi wake tukafanya kile ambacho wazazi wengi hufanya: tulimsema. Baba akamwuliza kama hiyo ndiyo shukrani ya sare na madaftari anayonunuliwa. Mama akamtajia mtoto wa jirani aliyekuwa wa tatu. Binti alisimama akitazama vidole vya miguu yake, hakujibu neno.

Tukaona dawa ni kukaza kamba. Michezo ya jioni ikakatazwa. Rede na kamba alizokuwa akiruka na wenzake mbele ya nyumba zikawa za kuangaliwa kupitia dirishani. Tukatafuta mwalimu wa twisheni. Muhula uliofuata akawa wa 47. Tena, habari zikatufikia kwamba alichapwa darasani kwa kunakili kutoka kwenye daftari la jirani yake. Siku ile tulimwona kuwa amekuwa mvivu, na sasa mwongo pia.

Ukweli tuliupata kituo cha daladala, hapa Morogoro, asubuhi ya Jumamosi. Mama alikuwa na watoto wawili wakienda kumwona bibi yao. Akamwambia binti atazame kibao cha gari lililokuwa likija kama ni la Kihonda. "Bado silioni vizuri, mama," akajibu. Mdogo wake wa miaka 7 akakisoma kibao kwa sauti, gari likiwa bado mbali. Binti akakaza macho, akayafinya, akashindwa. Alikisoma gari liliposimama mbele yake.

Wiki ile ile tulimpeleka hospitali kupimwa. Haoni vitu vya mbali. Basi kila jambo likapata maelezo yake. Mwezi wa Januari alikuwa amerefuka ghafla kuliko wenzake, na mwalimu, kwa nia njema kabisa, akamhamishia dawati la mwisho ili asiwazibe wafupi. Kutoka kule nyuma, ubao kwake ulikuwa ukungu mtupu. Alinakili kwa jirani kwa sababu daftari la jirani ndilo aliloweza kuliona.

Tulipomwuliza kwa nini hakutuambia, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Nilidhani akili zangu zimeisha."

Akina mama wenzetu, maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Mtoto wa miaka 11 alikuwa amebeba peke yake, kwa mwaka mzima, mzigo wa kuamini kwamba ameharibika. Nasi tuliokuwa tukilala naye nyumba moja tulikuwa tukimwongezea uzito.

Umri unaosahauliwa

Mtoto mchanga ana kadi yake ya kliniki. Tunampima uzito, tunahesabu meno, tunafurahia hatua yake ya kwanza. Kijana wa miaka 15 naye hatumsahau, maana hofu zetu zote ziko kwake. Lakini huyu wa katikati, wa darasa la tatu hadi la saba, nani humwangalia? Anaoga mwenyewe, anavaa mwenyewe, anakwenda shule mwenyewe, anaweza hata kutumwa sokoni na kurudisha chenji. Tunashusha pumzi, tunasema "huyu sasa amekua", tunageukia mdogo wake anayelia.

Hapo ndipo tunapokosea. Katika miaka hii mwili unaanza safari ya utu uzima, akili inaanza kupima mambo kwa undani, na mtoto anaamua moyoni mwake yeye ni mtu wa namna gani: mwerevu au mjinga, mzuri au mbaya, anayependwa au anayevumiliwa. Tena bado anatusikiliza. Miaka michache baadaye, sauti ya rafiki itakuwa na nguvu kuliko yetu. Umri huu si wa kumwachilia mtoto. Ni wa kumsogelea.

Mtaalamu mmoja wa makuzi, Erik Erikson, katika kitabu alichotoa mwaka 1950, alieleza kwamba mtoto wa umri wa shule ya msingi yuko katika mapambano makubwa: ama ajione kuwa anaweza kufanya kazi na kuimaliza, ama ajione duni mbele ya wenzake. Tulipoyasoma maelezo hayo tulimwona binti yetu amesimama pale na ripoti yake mkononi. Tulidhani tunapigania nafasi yake darasani, kumbe yeye alikuwa anapigania kitu kikubwa zaidi.

Tuutazame mwili kwanza

Kabla ya kumwita mtoto mvivu, tuhakikishe mwili wake haumzuii. Shida ya kutoona mbali hujitokeza mara nyingi katika miaka hii ya shule, na mtoto mwenyewe hajui, kwa sababu hana macho mengine ya kulinganisha. Dalili ni hizi: anafinya macho, anasogeza kitabu karibu na uso, anaumwa kichwa, anakosea kunakili kutoka ubaoni huku hesabu ya mdomo anaijua. Mwambie asome maandishi ya duka lililo ng'ambo ya barabara. Masikio nayo yachunguzwe. Mtoto aliyewahi kutokwa usaha masikioni huenda anasikia nusu ya anachofundishwa. Na tukiri jambo jingine: watafiti wameona kwamba watoto wanaocheza nje mchana, kwenye mwanga wa jua, hawapatwi sana na shida ya kutoona mbali. Sisi tulimfungia wetu ndani.

Usingizi nao ni chakula. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Fanya hesabu: kama anaamshwa saa 11 alfajiri awahi gari la shule, basi saa 2 usiku awe amelala, hapo atapata saa 9 tu. Ni nyumba ngapi ambamo saa 2 usiku ndipo kazi za shule zinaanza, televisheni ikiwa inaunguruma? Mtoto anayesinzia darasani huenda hana tatizo lolote la akili.

Chakula kisiwe cha kushibisha tumbo pekee. Mwili unaorefuka unahitaji vyakula vya kujenga mwili na damu: maharage, dagaa, mayai, mchicha, matembele, matunda ya msimu. Asiondoke nyumbani na chai ya rangi tupu. Uji wenye karanga za kusaga, au kiporo cha jana kilichopashwa moto, ni bora kuliko shilingi za kununua pipi getini. Na shule yenu ikiitisha kikao cha kuchangia chakula cha mchana, tusiwe wa kwanza kupinga. Mtoto mwenye njaa saa 8 mchana hafundishiki.

Kwa wasichana, mabadiliko huanza mapema kuliko tunavyotaka kukubali. Wengi huanza kuota matiti wakiwa na miaka 9 hadi 11, na hedhi ya kwanza hufuata baada ya miaka miwili hivi. Wapo wanaoipata wakiwa na miaka 10. Wavulana huchelewa kidogo, lakini nao wana maswali, na mara nyingi hakuna anayewajibu.

Zamani kazi hii ilikuwa ya bibi, shangazi na somo. Siku hizi bibi yuko kijijini, shangazi yuko mkoa mwingine, na mama anasubiri mtoto "afike umri". Usisubiri. Binti aambiwe kabla ya kuona damu, siyo baada ya kulia chooni akidhani anakufa. Kaa naye mnapochambua mboga, mweleze kwa maneno ya kawaida kwamba siku moja itatokea hivi, si ugonjwa, si aibu, na vitu vya kujisitiri viko kwenye droo ile. Weka pedi moja na nguo ya ndani ya akiba kwenye begi lake la shule. Mwambie pia ni mwalimu gani wa kike atakayemwendea ikitokea akiwa darasani. Kaka yake naye aelezwe, ili asimcheke dada yake wala msichana mwingine yeyote.

Jambo jingine la wasichana ni chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Nchi yetu ilianza kuitoa kila mahali mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na sasa dozi ni moja tu. Chanjo hii hutolewa mapema kwa sababu inafanya kazi vizuri kabla msichana hajakutana na virusi vinavyosababisha saratani hiyo. Yako maneno mengi mitaani kwamba inaharibu uzazi. Si kweli. Ukiwa na wasiwasi, nenda kituo cha afya ukaulize, usiulize kibarazani.

Kulinganisha kunavunja

Sasa tuuguse moyo. Mtoto mdogo wa miaka 5 ukimwuliza nani anakimbia zaidi darasani kwao, atasema "mimi!" hata kama ni wa mwisho. Mtoto wa miaka 10 hawezi tena kujidanganya hivyo. Amekwisha kupata akili ya kujipima na wenzake, na hujipima kila siku: kwa alama, kwa viatu, kwa urefu, kwa rangi, kwa gari linalomleta mwenzake shuleni. Ameshajipima kabla hatujafungua midomo yetu. Tunapomwambia "mbona mwenzako ameweza?" hatumpi habari mpya. Tunathibitisha kile anachokiogopa.

Haina maana tumsifu kwa uongo. Mtoto wa umri huu huitambua sifa ya bure mara moja, nayo humwumiza kama tusi. Tumsifu kwa jambo alilolifanya kweli, tena tulitaje kwa jina lake: "Hesabu hii umeirudia mara tatu mpaka ikatoka." "Umemngoja mdogo wako barabarani, asante." Na tumlinganishe na yeye wa jana. Aliyepata 28 kwa 100 akapanda hadi 39 amefanya kazi, hata kama jirani ana 90.

Vipi kuhusu uongo, maana mtoto wa umri huu hujifunza kuficha? Anaficha daftari, anasema hakuna kazi ya nyumbani, anasaini ripoti mwenyewe. Akosolewe, ndiyo. Lakini tujiulize pia anaficha nini na anamwogopa nani. Mtoto anayejua kwamba ukweli wake utapokelewa kwa kelele atachagua uongo kila mara. Sisi nyumbani tumeweka desturi: atakayeleta habari mbaya mwenyewe, kabla hatujaisikia kwa mtu mwingine, atasikilizwa hadi mwisho bila kukatizwa. Adhabu inaweza kuwepo, lakini kusikilizwa kwanza. Haikuwa rahisi kuizoea, hasa kwa upande wa mama.

Mpe kazi, na umwache aimalize

Mtoto anayejiona hawezi darasani anahitaji mahali pengine pa kujiona anaweza. Nyumbani ndipo mahali hapo. Miaka 9 hadi 12 ni umri mzuri wa kumkabidhi jambo moja liwe lake: kuku watano, tuta la mchicha, kupika wali siku ya Jumamosi, kutunza hesabu ya matumizi ya sabuni na mafuta ya taa. Tuseme "lake" kwa maana ya kweli. Akisahau kumwagilia na mchicha ukanyauka, usikimbilie kuuokoa usiku. Kesho yake auone mwenyewe, mjadili, apande tena.

Kazi hizo zina shule ndani yake. Mtume dukani na shilingi 10,000 na orodha ya vitu vinne, kisha mwambie akupigie hesabu ya chenji kabla hajaondoka. Akikata ndimu nane kwa watu sita, amekutana na sehemu za namba. Akikusomea maelezo ya pakiti ya dawa ya mbu, amesoma. Wapo akina mama wanaosema, "Mimi niliishia la saba, nitamsaidiaje?" Mama, huhitaji kujua Kiingereza wala hesabu za siku hizi. Mwambie akufundishe wewe alichofundishwa leo. Anayefundisha ndiye anayeelewa, na mahali atakapokwama ndipo mahali pa kumwuliza mwalimu kesho.

Ila tuwe waadilifu. Kazi za nyumbani zisimwangukie binti peke yake huku kaka yake akitazama mpira. Msichana anayeosha vyombo hadi saa 3 usiku hawezi kushindana na mvulana aliyemaliza kusoma saa 1. Mvulana ashike ufagio, ateke maji, apike. Mkewe wa baadaye atatushukuru.

Twende shuleni kabla hatujaitwa

Wengi wetu huingia shuleni mara mbili: siku ya kuandikisha na siku ya kuitwa. Mwalimu anatufahamu kwa matatizo tu. Sisi tungekwenda mara moja katika mwezi ule wa Januari, tungemwona binti yetu dawati la mwisho, na huenda mwaka ule usingepotea.

Nenda mapema mwaka unapoanza, na tena katikati ya muhula. Mwalimu ana watoto 70 au zaidi, hivyo usimchukulie muda mrefu. Maswali manne yanatosha: Mtoto wangu anakaa wapi darasani? Ana marafiki gani, au anakaa peke yake mapumziko? Ni somo gani anajiamini, na lipi anajificha? Mimi nifanye nini nyumbani wiki hii? Kisha mweleze mwalimu jambo moja ambalo hawezi kulijua: kwamba babu yake amefariki, kwamba mmehama nyumba, kwamba anaona mbali kwa shida. Mwalimu hufundisha vizuri zaidi mtoto anayemfahamu.

Ukisikia malalamiko, usiende na hasira, wala usimseme mwalimu vibaya mbele ya mtoto. Lakini usikae kimya pia. Kuhusu viboko, kwa mfano, kanuni zilizotolewa mwaka 2002 zinasema vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye, visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu, na msichana achapwe na mwalimu wa kike tu, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Mzazi anayezifahamu kanuni huzungumza kwa upole na bado akasikilizwa.

Mitihani nayo ina kishindo chake. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne humkuta mtoto akiwa na miaka 10 hivi. Ni kipimo cha kutuonyesha pengo liko wapi, ili miaka inayobaki tulizibe. Tusimfanye mtoto wa miaka 10 akose usingizi kana kwamba maisha yake yanaamuliwa siku ile. Kama bado anasoma kwa kusitasita, twisheni ya masomo yote haitamfaa kitu. Aanze na kusoma kwa sauti dakika 15 kila jioni, mtu mzima akimsikiliza.

Tena muda wetu umepungua. Kwa mtaala mpya ulioanza mwaka 2024, watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wamepangiwa kumaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, kisha waendelee sekondari. Hii ina maana mtoto wako ataingia kidato cha kwanza akiwa mdogo kwa mwaka mzima kuliko kaka yake. Atakutana na masomo kwa Kiingereza, walimu wengi, na wenzake waliokwisha kubalehe. Maandalizi tuliyokuwa tukiyafanya darasa la saba, sasa tuyafanye mapema.

Na bweni? Mwaka 2023 serikali ilisitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa sababu mtoto mdogo anahitaji malezi ya nyumbani. Kuanzia darasa la tano mlango uko wazi, na tunajua wapo wazazi wasio na njia nyingine kwa ajili ya kazi au umbali. Hatuwahukumu. Tunaomba jambo moja: usimpeleke bweni mtoto wa miaka 11 kabla hajaelezwa habari za mwili wake, na kabla hajajua kwamba anaweza kukuambia lolote siku ya kutembelewa. Ukifika, usiishie kumpa biskuti na mafuta ya kupaka. Tembea naye mbali na wenzake, unyamaze kidogo, umpe nafasi.

Mlango uwe wazi

Mtoto wa umri huu hasemi ukimkalisha kitini na kumwuliza, "Haya, niambie, shuleni kuna nini?" Atajibu "hamna". Husema wakati mikono ina kazi na macho yako yanatazama kwingine: mnapokuna nazi, mnapomsuka, mnapotembea kwenda ibadani, taa ilipokatika. Atatupia neno moja dogo kama mtu anayepima kina cha maji kwa mti. "Mama, kuna mtoto darasani anachekwa." Usikimbilie ushauri. Uliza tu, "Anachekwaje?" kisha endelea kukuna nazi. Mara nyingi huyo mtoto ni yeye.

Mlango huo huo ndio ulinzi wake. Watu wabaya humtafuta mtoto asiye na wa kumwambia. Mfundishe kwamba hakuna siri ya mwili wake ambayo mama haruhusiwi kuijua, awe aliyemwambia anyamaze ni mgeni, mwalimu, dereva au mjomba. Afahamu pia namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo hupigwa bila malipo. Na simu ya mkononi, kama mnamruhusu kuitumia, aitumie sebuleni, siyo chini ya shuka.

Baba naye asibaki mtia sahihi wa ripoti. Neno moja la baba kwa mtoto wa umri huu lina uzito wa ajabu. Yule baba aliyeuliza habari ya shukrani ndiye aliyekwenda naye kuchukua miwani. Njiani alimwomba radhi. Binti alitusimulia baadaye kwamba hakujua baba anaweza kuomba radhi kwa mtoto. Tangu siku ile wao wawili hutembea pamoja kila Jumapili jioni, nasi hatuulizi wanazungumza nini.

Leo binti huyo yuko sekondari. Hakurudi kuwa wa sita. Darasa la saba alimaliza katikati, akafaulu, akaendelea. Lakini siku ya kwanza aliyoivaa miwani yake, alisimama uani akautazama mlima Uluguru kwa muda mrefu, kisha akaita: "Mama, kumbe ile miti ni mmoja mmoja!" Tukacheka sote, halafu mama akaingia ndani akalia.

Mpenzi msomaji, jioni ya leo, kabla ya sala na kulala, mtazame huyu mtoto wako wa katikati ambaye "amekua". Anasogezaje kitabu machoni? Alikula nini mchana? Kwa siku ngapi sasa hajasimulia habari za shule? Mwite jikoni akusaidie kazi ndogo. Usimwulize kitu. Kaa naye tu.